Feloshipu, klabu ya Kiingereza, darasa la Kiswahili au sufuria ya nyumbani: mmisionari aanzie wapi kupata marafiki wanafunzi Dar es Salaam?

Kanisa letu liko upande wa Ubungo, na mimi ni mmoja wa watu wa kamati ya umisheni wanaokwenda uwanja wa ndege na stendi kupokea wageni. Tumepokea Wakongo, Wakenya, Wakorea, Wamarekani na familia moja kutoka Burundi. Mizigo ikishashushwa na chai ikishanywewa, swali la kwanza huwa lilelile: "Nianzie wapi kupata marafiki chuoni?" Zamani nilijibu haraka, "Nenda feloshipu," yaani kwenye vikundi vya ibada vya wanafunzi Wakristo. Siku hizi nauliza kwanza: umekuja kwa muda gani, una familia au uko peke yako, Kiswahili chako kikoje, na je, uko tayari kusaidiwa na kijana wa miaka ishirini? Hilo la mwisho ndilo linaloamua mengi.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne. Nilianza kuziona nikiwa mwanafunzi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa natafutwa urafiki, kwa hiyo sitajifanya sina upande.

Kabla ya njia, kalenda

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kawaida hufungua mwaka wa masomo Oktoba au Novemba na kuufunga Julai, na vyuo vingine vingi vya mjini havipishani nacho sana. Kati ya Julai na Septemba wanafunzi wengi wako makwao au wako fildi, kwenye mafunzo kwa vitendo, wametawanyika kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Timu moja ilitujia Agosti kwa wiki sita, na gitaa, mipira na moyo mkunjufu, ikakuta mabweni matupu. Waliondoka wamehuzunika. Sisi wenyeji tuliona aibu, kwa sababu tulijua na hatukuwaambia.

Ukiweza kuchagua, fika chuo kinapofunguliwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Kasulu au Tukuyu ni mgeni Dar kama wewe. Hajui daladala ya Makumbusho anaipandia wapi, joto linamshinda, chumba analala na watu asiowafahamu, na Jumapili hajui aende kanisa gani. Wiki zile za mwanzo mtapotea njia pamoja, na hapo mna la kuzungumza bila kutafuta. Ukingoja hadi Januari, kila mtu ameshapata wenzake, tena UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inakaribia na watu wamejifungia na madesa, yaani noti za masomo.

Feloshipu

Huu ndio mlango ulio wazi kuliko yote. Wapo TAFES, wapo USCF walio chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, wapo CASFETA wa Kipentekoste, Wakatoliki wana TMCS na Waadventista wana TUCASA. Utawakuta katika vyuo kama Mlimani, Ardhi, Muhimbili, DUCE kule Chang'ombe, IFM katikati ya mji na kwingineko. Pitia kwa mlezi na viongozi wa wanafunzi, wala usijitokeze tu siku moja na begi la vipeperushi; chuo kina utaratibu wake wa wageni, na mabweni zaidi.

Faida yake ni haraka. Jioni moja tu unajulikana na watu mia, namba yako imeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, na umealikwa mkesha wa Ijumaa.

Kasoro yake ni kiti cha mbele. Utapewa kiti cha mbele, soda ya baridi na maikrofoni. Utaitwa mtumishi. Utaombwa salamu, na salamu zitageuka mahubiri ya dakika arobaini. Watu watakupenda kweli, lakini wataonyesha ule upande wao wa Jumapili. Kijana aliyesapu masomo mawili, yaani anayatakiwa kuyarudia mtihani, na anaogopa kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, hamwambii mtumishi aliyekaa mbele. Anamwambia mwenzake wakiwa kwenye kimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, saa tatu usiku. Halafu uongozi wa feloshipu hubadilika kila mwaka, na aliyekufahamu kwa cheo chake akishamaliza muda, mazoea nayo yanalegea.

Mmoja tu nimemwona akiivuka kasoro hii, dada wa Kikenya aliyeomba asihubiri kabisa muhula wa kwanza. Aliimba sauti ya pili kwaya, akapanga viti, akabaki kufagia ukumbi. Mwezi wa tatu wasichana walikuwa wanamsimulia mambo ambayo mlezi hakuwahi kuyasikia. Ukiweza kufanya hivyo, feloshipu ni njia nzuri. Wengi hawawezi, na mara nyingi si kosa lao, maana waliowatuma wanasubiri kusikia walihubiri mara ngapi.

Klabu ya Kiingereza au darasa la Kiswahili?

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu njia hizi mbili hufanana kwa nje. Kote kuna lugha, meza, vitabu na wanafunzi. Tofauti ni nani anayejua na nani asiyejua.

Klabu ya Kiingereza inagusa hitaji la kweli. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akahamia Kiingereza kidato cha kwanza, anafika chuoni ambako mihadhara ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, na wasilisho la mbele ya darasa ni Kiingereza. Wengi wanalichukia lile wasilisho kuliko UE yenyewe. Ukitangaza klabu ya bure yenye mzungumzaji mzuri, watajaa wiki ya kwanza. Wiki ya testi watapungua, wiki ya UE utabaki na viti, na hilo lisikuvunje moyo, ni kawaida.

Tatizo ni kwamba katika klabu wewe ndiye mwalimu siku zote. Mwanafunzi anakuja na makosa yake, wewe unayasahihisha. Anakuja na ndoto ya kusoma ng'ambo, wewe ndiye mwenye kujua mlango. Akikwambia amefurahia mazungumzo ya Biblia mwishoni, hujui kama amefurahia au anakuheshimu, na yeye mwenyewe pengine hajui.

Nilikuwa kwenye klabu ya namna hiyo nikiwa mwaka wa pili. Tulikuwa kumi na wawili, tukila biskuti na kusoma habari za magazeti. Mwenyeji wetu alikuwa mtu mpole na nilimpenda. Alitupiga picha siku ya mwisho. Miezi kadhaa baadaye rafiki yangu alikutana na taarifa aliyoituma kwao, picha ikiwa juu, na maelezo chini yake yakisema sisi ni vijana ambao hawakuwa wamesikia Injili hadi klabu ile ilipoanza. Mimi nimelelewa nyumba ya mzee wa kanisa, Usharika wa Kilutheri. Nilibatizwa mchanga na kupata kipaimara nikiwa na miaka kumi na minne. Wawili kati yetu walikuwa Waislamu, na hawakuwahi kuulizwa kama picha yao inaweza kutumika hivyo. Sikumwandikia. Nilichohisi ni kwamba muda wote nilidhani nakaa na rafiki, kumbe nilikuwa nahesabiwa. Naomba kila anayesoma haya na ana kamera mkononi alifikirie hilo kabla ya kutuma taarifa yake ya kwanza.

Darasa la Kiswahili linakugeuza wewe kuwa mwanafunzi. Palepale Mlimani ipo TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyoanza mwaka 2009 na kurithi kazi ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1964. Wageni hujifunza Kiswahili hapo. Utakaa kwenye dawati, utapewa kazi ya nyumbani, na jioni utahitaji mtu wa kukusaidia ngeli. Huyo mtu yuko kwenye kimbweta cha jirani. Yeye ndiye anayejua, wewe ndiye unayekosea, na anakucheka bila ubaya unaposema "kitabu yangu". Mwanafunzi akishakucheka hivyo mara tatu, anaweza kukwambia na lake.

Njia hii si mpya pwani yetu. Edward Steere aliyefika Unguja mwaka 1864, kabla hajawa askofu, alikaa na wenyeji wakimsimulia hadithi zao naye akaziandika, akazichapisha mwaka 1870. Alianza kwa kusikiliza, miaka, na Kiswahili chake kilimfungulia milango ambayo mahubiri peke yake yasingeifungua.

Kwa upande wa gharama, darasa linakudai ada na miezi. Klabu inakudai chumba na biskuti. Kwa upande wa matokeo ya haraka, klabu inashinda bila ubishi. Nikiulizwa nani bado anapigiwa simu na wanafunzi wake wa zamani baada ya miaka mitano, wote ninaowajua walikaa kwanza upande wa anayefundishwa.

Wakenya na Wakongo wana mtihani wao. Wanakijua Kiswahili, kwa hiyo huona hawana cha kujifunza hapa. Lakini ukimwambia mama ntilie, muuza chakula, wa Changanyikeni "nipe maji", umetoa amri hata kama moyoni hukuwa na neno. Hapa tunasema "naomba maji". Mwanafunzi akikuamkia "shikamoo", itikia "marahaba" kwa utulivu, usiruke kumwambia achana nayo sisi sote ni sawa. Ukifanya hivyo, heshima aliyokupa umemrudishia mikononi. Na kama wewe ni kijana wa miaka ishirini na tano, usingoje shikamoo ya mtu. Sema "mambo" uitikiwe "poa", muendelee. Mkongo mmoja aliniambia alijifunza Kiswahili mara mbili, cha kwao Bukavu na cha adabu za Dar. Alisema cha pili kilikuwa kigumu zaidi. Ndiye nitakayemsimulia chini.

Nyumba na sufuria

Njia ya nne ni kufungua nyumba: siku moja ya wiki, chakula cha kawaida, yeyote anayekuja anakaribishwa. Inategemea sana ulipopanga. Nyumba ya Masaki ina upepo wa bahari na umeme wa jenereta, lakini mwanafunzi wa Mlimani anabadilisha daladala, analipa nauli ya kwenda na kurudi, na getini mlinzi anamuuliza anakwenda kwa nani na kuandika jina lake daftarini. Nusu ya urafiki imeshaishia pale getini. Ukipanga Changanyikeni, Msewe, Sinza au jirani na Mabibo Hosteli, anakuja kwa miguu na ndala. Anakuja hata siku ambayo hukumwalika, na siku hiyo ndiyo yenye thamani.

Pika wali maharage na mchicha. Usipike karamu. Ukipika karamu wiki ya kwanza, umeweka kiwango ambacho yeye kwenye geto lake, chumba chake cha kupanga, hawezi kukurudishia, naye ataacha kukualika kwa aibu. Mwache apike yeye wiki ya pili. Vijana wa geto wanajua kusonga ugali kuliko unavyodhani. Mwache akuoneshe duka la bei nafuu. Maji ya bomba yakikatika, na yatakatika, bebeni madumu pamoja.

Kwa familia, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya zote. Watoto wako watawavuta wanafunzi wenye wadogo zao nyumbani, na mama wa nyumba atakuwa na wasichana jikoni. Kwa mwanamume aliye peke yake, kukaribisha wasichana nyumbani kutamharibia jina yeye na wao ndani ya wiki mbili, hata kama hakuna kibaya kilichofanyika. Akutane nao mahali pa wazi, kwenye vimbweta au kantini, wakiwa kundi.

Nyumba ina gharama ambayo watu hawaihesabu: haina likizo. Mwanafunzi akigombana na mwenzake wa chumba saa nne usiku atakuja kwako. Kama ratiba yako haivumilii hilo, chagua njia nyingine kwa amani ya moyo, usifungue mlango halafu ukaufunga.

Pesa itaingia, upende usipende

Njia zote nne zinakutana hapa. Wengi wanasoma kwa boom, mkopo wa Bodi ya Mikopo, na boom likichelewa hata kijana mwenye heshima zake atakuja na "naomba unikopeshe". Wageni wengine huamua kutotoa kabisa, wengine hutoa kila mara. Wa kwanza anaonekana jiwe, wa pili anageuka benki, na wote wawili wanapoteza rafiki.

Angalia wanafunzi wenyewe wanavyofanya. Wanachangishana. Mwenzao akifiwa, grupu linafunguliwa, kila mtu anatuma elfu mbili au elfu tano kwa simu, jina lake linaandikwa. Ingia humo, utume kiasi kinachofanana na cha wengine. Msiba wa nyumbani kwao ukiwa mkubwa, ongeza kimyakimya kupitia kwa mweka hazina, bila jina. Lakini kubwa kuliko pesa ni kwenda. Keti kwenye mkeka, ule kile kilichopikwa, ukae muda mrefu kuliko unavyojisikia kukaa.

Rafiki Mwislamu

Dar ina misikiti na makanisa yanayotazamana, na ukoo wenye dini mbili ni jambo la kawaida. Shangazi zangu wawili ni Waislamu na hatujawahi kukosana kwenye Krismasi wala Idi. Kwa hiyo utapata marafiki Waislamu utake usitake, hasa kupitia klabu ya Kiingereza na mpira.

Katiba yetu, Ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu kuamini na kueneza dini yake, na inasema ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Neno hiari ulishike. Mwambie siku ya kwanza, kwa maneno mepesi, kwamba wewe ni mmisionari na umetumwa na kanisa. Kibali chako cha ukaazi chenyewe kinakutambua hivyo; daraja C ndilo linalochukua wamisionari na pia wanafunzi, kwa hiyo aliyekuja kwa umisheni asijitambulishe kama mwanafunzi wa lugha tu. Vijana wa hapa si wajinga, watajua, na siku wakijua watarudi nyuma kukagua kila ulichowahi kuwaambia.

Usimwalike kula halafu ukamtolea mahubiri asiyoyategemea. Akikuuliza unaamini nini, mjibu yote bila kupunguza. Waislamu wa Dar wanaheshimu mtu mwenye dini yake. Nyama ya bucha kwa kawaida haimpi shida, ila atataka kujua kama sufuria zako zimewahi kupikia kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, basi mwambie kabla hajauliza, au weka sufuria ya pembeni. Ramadhani usimpangie mkutano wa saa kumi na moja jioni. Akikualika futari, nenda, na uende na tende.

Basi uchague ipi?

Una miezi mitatu tu: usianzishe chochote kipya. Ingia feloshipu iliyopo, kaa nyuma, na uwaambie tarehe ya kuondoka siku ileile unayofika. Klabu ya Kiingereza ya miezi mitatu huacha watoto wa watu wakisubiri barua pepe.

Una mwaka: darasa la Kiswahili asubuhi, na Jumamosi moja ya kula pamoja. Klabu ianzishe muhula wa pili, iongozwe na wanafunzi, wewe uwe mmoja wa wasemaji. Waombe na wao wapange saa moja ya kukusahihisha Kiswahili. Hapo klabu inapona ule ugonjwa wake.

Una miaka mitatu au zaidi na familia: pangeni nyumba jirani na chuo kabla hamjanunua sofa, na feloshipu mwijie baadaye, mkiletwa na wanafunzi waliowazoea nyumbani.

Mkristo Mtanzania anayefanya kazi Dar na anataka kuwa rafiki wa wanafunzi wa kigeni walioko hapa, anaweza kuyageuza haya yote. Mwanafunzi wa Comoro au Sudan Kusini aliye Gongo la Mboto naye hajui daladala anaipandia wapi.

Yule Mkongo alipanga Msewe na mkewe na mtoto mmoja. Alinijia nikiwa mwaka wa tatu, si kunifundisha, aliniomba nimsomee barua ya mwenye nyumba ambayo hakuielewa. Nikaanza kwenda kila Jumamosi. Baba yangu alipofariki, alipanda basi nami hadi Same, akalala nje na wanaume usiku tatu, na asubuhi alichota maji bila kuambiwa. Hakuombwa kusema neno msibani na hakulitafuta. Mama yangu hadi leo anamwita mwanangu wa Kongo.

Alipomaliza miaka yake minne alituaga mapema, tukajua mwezi na tarehe. Wiki ya mwisho aligawa vitu. Mimi nilipewa ile sufuria kubwa ya wali, imeungua kwenye kitako. Jumamosi hii nayo iko jikoni kwetu; wanakuja wanane, wawili ni mwaka wa kwanza na hawajui njia, kwa hiyo nitawafuata kituoni.